Hekalu la Wifi Mazoon

Kuna watu ambao wakiona kitu kizuri cha mwenzao, neno mashallah huwatoka hata kabla hawajavuta pumzi. Bibi Khole hakuwa mmoja wao. Si kwamba hakulijua neno lenyewe, maana alilifundisha. Miaka yote aliyosomesha darasa la kwanza kule Ghubra, mtoto akija skuli na viatu vipya, Bibi Khole aliwaamrisha wenzake waseme mashallah wasije wakamtia jicho. Watoto walisema, na yeye akisema pamoja nao, kwa moyo safi kabisa. Lakini palikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kila alipotaka kumsemea neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki changu. Mtu huyo alikuwa wifi yake, Mazoon.

Mazoon ni dada wa marehemu Murshid, mume wa Khole. Wote watatu walizaliwa Unguja, wakaletwa Maskati wangali wadogo, na nyumbani kwao mpaka leo hakusemwi ila Kiswahili, Kiarabu wamekiwekea ofisi na wajukuu. Murshid na dada yake walijenga nyumba zao mtaa wa Al Khoudh, ubavu kwa ubavu, wakaacha mlango katika ukuta wa kati ili watu wa nyumba mbili waingiliane bila kuzunguka barabarani. Wengi wenye jamaa zao hufanya hivyo. Khole alisema tangu mwanzo kwamba mlango ule utaleta maneno, na Murshid akamwambia aache kuwaza mabaya.

Tuseme ukweli, Mazoon alijaliwa. Alijaliwa sura, alijaliwa nywele, alijaliwa watoto wa kiume waliosoma wakapata vyeo, na akajaliwa mume, Bwana Sleyum, ambaye mpaka uzeeni humfungulia mkewe mlango wa gari. Khole alijaliwa binti mmoja, naye kaolewa Salala na hupiga simu akikumbuka. Mume alikuwa naye, mwema, akafa mapema. Hakuwa mtu wa kulia hali yake mbele za watu, lakini kila siku alipokuwa akipiga hesabu ya neema za Mungu, alianza na za upande wa pili wa ukuta.

Hata hivyo alikuwa na kitu kimoja ambacho Mazoon hakuwa nacho. Alikuwa na Jumatatu.

Jumatatu asubuhi ndiyo siku ya kahawa. Wanawake wa jamaa za Unguja, kina Nouf na Shatha na wenzao, huja na magari yao mpaka kwa Khole, wakakaa barazani chini ya mwasumini alioupanda mwenyewe mwaka nyumba ilipokwisha. Kuuweka mwasumini hai katika jua la Maskati ni sawa na kulea mtoto mchanga. Khole aliumwagilia alfajiri na magharibi, akaufunika magunia kila Juni, akausemesha. Maua yake kila mgeni aliondoka nayo ndani ya leso. Khole hukaa karibu na dele, birika lake la kahawa, anamimina, na mwenye kumimina ndiye anayeamua nani asikilizwe na nani akatizwe. Mazoon huja kwa mlango wa ukutani, na hukaa anapoambiwa. Kwa ajili ya asubuhi hiyo moja, Khole aliweza kuzivumilia siku nyingine zote za wiki.

Balaa ilianzia Uingereza. Mtoto mdogo wa Mazoon, Hatem, anasomea udaktari wa meno huko, na mama yake alikwenda kumtazama. Aliporudi, Jumatatu ya kwanza tu, kabla hata halwa haijafunuliwa, akatoa simu na kuanza kuwaonyesha watu picha. Hazikuwa picha za maduka wala za saa kubwa ya mjini. Zilikuwa za shamba la bwana mmoja tajiri wa zamani za wale wafalme wa Kiingereza walioitwa Joji, baba Joji, mwana Joji, mjukuu Joji. Vilima vya majani mabichi, ziwa, kondoo, na ng'ambo ya ziwa, katikati ya miti, jengo jeupe la duara lenye nguzo na kuba juu yake.

Nouf aliuliza kama ule ni msikiti. Mazoon akacheka, akasema ni hekalu, lakini si la kusalia. Hakuna aliyesalia mle hata siku moja. Mabwana wale, alisema, walikuwa wakienda Italia ujanani mwao, wanaona magofu ya Warumi, wanarudi kwao wamepagawa, wanajenga mahekalu mashambani. La kutazama tu. Unatoka nyumbani kwako baada ya chakula, unatembea polepole kuzunguka ziwa, na kila ukipinda kona unaliona kwa upande mwingine, mpaka unafika unakaa ndani yake unakunywa chai na wageni wako. Ziwa lenyewe lilichimbwa na watu, na vilima vingine vilisogezwa ili visizibe.

"Wenyewe walikuwa wakishindana," alisema Mazoon. "Bwana huyu akijenga la nguzo nne, jirani yake halali mpaka ajenge la sita."

Watu wakacheka, na simu ikazunguka mikononi. Khole alikaa na dele lake, hakuna aliyemnyooshea finjani. Hili alilihisi mwilini kabisa, kama mtu aliyevuliwa mtandio hadharani. Kahawa ilipoa. Alipoona hapana njia, akauliza kama Hatem ameshapata mchumba, maana alijua swali hilo Mazoon halipendi. Hakuna aliyelisikia.

Kijiba kipya cha roho kilianzia hapo. Hakikupona, maana baada ya miezi miwili lori liliingia upande wa pili likiwa limebeba nguzo.

Zilitoka karakana moja ya Wadi Kabir, nguzo nane nyeupe, zimefungwa magodoro zisikwaruzike. Khole alizitazama kutoka dirisha la jikoni. Alitazama mafundi wakichimba, akatazama winchi ikiinua kuba, na siku kuba lilipokaa mahali pake akagundua kwamba linaonekana barazani kwake, pale pale wanapokaa wageni, limechungulia juu ya ukuta. Alikigeuza kiti chake akalipa kuba mgongo. Baada ya muda mfupi akainuka kwenda kutazama kama bado lipo.

Alianza kwa mzaha. Aliwaambia kina Nouf kwamba wifi yake amejenga kuba, na kuba bila kaburi halina maana, sasa tujue nani atakayezikwa. Walicheka kidogo. Akauliza kama sisi Waislamu sasa tumefika pa kujenga mahekalu. Kwa hili hawakucheka, kwa sababu Bwana Sleyum alishasema jina lake ni kibanda cha nguzo, na pale kati ambapo Wazungu waliweka sanamu ya kike ya uchi, Mazoon aliweka chetezo kikubwa cha udi. Shatha, ambaye hana baya na mtu, alisema kwa kweli ni wazo zuri sana. Mwaka huo huo mwasumini ulianza kuwa na majani ya njano na kupukutisha maua kabla hayajafunguka. Khole alisema ni maji ya bomba, yana chumvi.

Kisha Mazoon akaja, kwa adabu zake zote, akaomba Jumatatu moja tu ihamie kwake ili watu walione hekalu. Moja tu, wifi. Khole angesema nini? Alisema karibu sana, akajikaza kisabuni.

Walikaa ndani yake, juu ya mazulia, udi ukifuka katikati na upepo wa Desemba ukipita baina ya nguzo. Mtu anayetaka kusema uongo aseme hapakuwa pazuri. Khole mwenyewe, alipoingia chini ya kuba lile na kuona mbingu imekatwa vipande vya buluu kati ya nguzo nyeupe, alishtuka moyoni jinsi palivyo pazuri, na mshtuko ule ndio uliomuuma zaidi. Mtu anayemwonea kijicho jirani angalau huwa na matumaini kwamba kitu chenyewe ni kibaya. Wanawake walisema mashallah, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoitikia dua. Ikafika zamu yake na wote wakamtazama, maana ndiye wifi.

"Refu," alisema Khole. "Limekaa vizuri. Refu."

Mwiba wa changu. Watu wakangojea, na neno halikuja. Badala yake, mkono wake wenyewe ukanyooka ukagonga nguzo iliyo karibu kwa kifundo cha kidole, na nguzo ikatoa sauti ya pipa. Ilikuwa ni faiba, gamba tupu. Khole alijisikia raha kama mtu aliyekunwa mgongo.

"Kumbe ndani hamna kitu," akasema, na akacheka peke yake.

Mazoon alisema hata huko Uingereza mengine ni uso tu, mbele nguzo na nyuma matofali ya kawaida. Alisema kwa upole. Shatha akaomba maji.

Alhamisi ya wiki ile ilinyesha mvua ya kwanza ya mwaka, na kabla ya mvua likaja vumbi na upepo wa kuangusha mabati. Baada ya sala ya alasiri Khole alikuwa jikoni akikuna nazi. Alisikia mlio mkavu, akainua macho, na kupitia dirishani akaliona kuba likiinama taratibu upande mmoja, kama kofia ya mtu aliyesinzia, likabaki hivyo. Nguzo ile aliyoigonga ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini.

Alicheka. Peke yake, mkono mdomoni, nazi ikiwa bado mkononi. Furaha ilimpanda kama maziwa yanavyochemka na kufurika, na ilipokwisha kufurika akabaki amesimama pale, ameingiwa na baridi. Ni nguzo ile ile. Watu wote walimwona akiigonga. Watu wote walisikia neno asilolisema.

Jumatatu ilipofika alipika kahawa, akatia iliki isiyo haba, akafunua halwa, akakaa. Hakuna gari lililosimama. Nouf alituma ujumbe kwamba mjukuu ana homa. Shatha akatuma kwamba goti limemshika, hata ngazi hashuki. Wengine hawakutuma chochote. Khole alikaa na dele, na maua ya mwasumini yakimwangukia begani yakiwa bado mafumba, na alipokuwa anakaribia kuamini habari ya goti na homa, akasikia upande wa pili wa ukuta kicheko cha Shatha. Kicheko cha Shatha hukikosei, huishia na kikohozi.

Wanamwogopa. Yeye, aliyewasomeshea watoto wao alifu kwa kijiti, leo wanaogopa kumwonyesha hata mkufu mpya. Kilichokuwa kinaondoka si kahawa. Kama hatarudishiwa Jumatatu yake, atakuwa bibi mwenye jicho wa Al Khoudh mpaka afe, na watu watafunika watoto wachanga atakapoingia msibani au harusini. Khole alilibeba dele lake kwa mpini, akapita mlango wa ukutani.

Walikuwa kwenye varanda, mbali na kuba. Walipomwona, wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Mazoon aliinuka akambusu, akamwita akae karibu naye. Khole alisema pole kwa jengo. Mazoon akasema ni mambo ya Mungu. Restituta, msichana wa Bukoba anayefanya kazi kwa Mazoon, akaleta tende na kahawa ya hapo nyumbani, na dele la Khole likawekwa pembeni bila kuguswa. Alikula tende, akanywa, akatikisa finjani kuonyesha ametosheka. Restituta akaja kuipokea.

Hapo ndipo alipoona. Finjani za wengine zilitiwa katika bakuli la maji la kusuuzia, zote pamoja. Ya kwake Restituta hakuitia. Aliishika wima, na tone lake la kahawa chini, akaiweka kwenye sinia ndogo ya pembeni, akafunika kwa kitambaa. Kisha akaokota kokwa za tende zilizo mbele ya Khole, za Khole tu, akazifunga kwenye karatasi laini.

Hakuhitaji kuelezwa. Mama mkwe wake, mama yake Mazoon, Mungu amrehemu, ndiye aliyewafundisha wote wawili, Khole akiwa bi harusi na Mazoon bado msichana. Ukipatwa na jicho, na unamshuku mtu, usimuulize, utamfedhehesha bure. Mpe kahawa na tende. Alichokiacha kwenye finjani na kokwa alizozitema, tia kwenye maji, unyunyizie kilichodhurika. Na kama mtu mwenyewe ana ushujaa, alisema bibi yule, atanawa mwenyewe na kukupa maji yake, na hiyo ndiyo dawa hasa. Lakini nani atakayekubali mbele ya watu kwamba jicho ni lake?

Khole alitazama kile kitambaa kilichofunika finjani. Angeweza kuaga akaenda zake, na wao wangenyunyiza, na lisingesemwa neno mpaka Kiyama. Uso ulimwaka moto. Kilichomkata maini hakikuwa kushukiwa. Walikuwa wamepatia.

"Restituta, mwanangu, hebu irudishe ile finjani," alisema. Kisha akamgeukia Mazoon. "Wifi, tone la kahawa litafika wapi kwa nguzo nane? Nipe beseni, ninawe."

Shatha alikohoa bila kucheka. Mazoon akampa Restituta ishara. Beseni lililetwa, na Khole akakunja mikono ya kanzu, akanawa viganja, akasukutua, akanawa uso, viwiko, akainua nguo akanawa magoti yake ya kizee na miguu, maji yote yakirudi mle mle, mbele ya wanawake aliokuwa akiwakatiza maneno kila wiki. Na huku ananawa alisema, bila kumtazama mtu.

"Siku ile roho iliniuma. Neno nililijua, halikutoka. Na kuba lilipoinama, nnakwambia kweli, nlicheka."

Restituta akabeba beseni kuelekea kwenye nguzo. Ndipo Mazoon mwenyewe, ambaye sauti yake siku zote ni ya mtu aliyeshiba, akaongea kwa sauti Khole asiyoijua.

"Na mimi unadhani nlilijenga la nini?" alisema. "Miaka yote nakaa kwako pale unaponiweka. Nakwenda kwangu na asumini zako kwenye leso, nyumba nzima inanuka wewe. Watu wanasema mashallah. Mimi mti ule sijausemea hata siku moja."

Khole alijaribu kukumbuka. Nouf alisema kila alipofika, Shatha alisema na kurudia. Mazoon, hapana. Khole ambaye hakupitwa na kitu cha wifi yake, wala bangili wala kiatu, hili lilimpita, kwa sababu haikumwingia akilini kwamba kuna chochote cha kwake cha kuonewa wivu.

"Basi na wewe nawa," alisema.

"Maji yabadilishwe kwanza," alisema Shatha, na hapo watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua.

Mazoon alinawa. Khole alilibeba beseni yeye mwenyewe, likimwagikia kanzu, akapita mlango wa ukutani, na wanawake wakamfuata nyuma kama wanaopeleka bi harusi. Aliyamimina yote kwenye shina la mwasumini. Kisha, kwa kuwa walishafika, walikaa, na Restituta akalileta dele lililosahauliwa, kahawa ikapashwa moto, ikanywewa. Goti la Shatha halikumsumbua hata chembe. Wakati wa kuagana Nouf aliuliza Jumatatu ijayo ni wapi, akiangalia chini.

"Kwa Khole," alisema Mazoon. "Itakuwa wapi tena? Lile langu la kutazama, na linaonekana vizuri zaidi kutokea hapa."

Alisema hivyo bila kinyongo, anajifunga mtandio, kama mtu anayempa mwenzake kiti. Khole aliipokea Jumatatu yake, na palepale ikamuuma. Hata ukarimu, alijaliwa yeye.

Walipoondoka wote alikusanya finjani, akazitia zote katika bakuli moja. Jua la adhuhuri lilikuwa limepiga kuba, nalo lilikuwa jeupe, limeinama vile vile juu ya ukuta, na kwa kuinama kule lilikuwa zuri kuliko siku lilipokuwa wima. Mashallah, alisema Bibi Khole. Lilimtoka lenyewe, laini, bila mwiba, na hapakuwa na mtu wa kulisikia. Alichukia. Akakigeuza kiti akalipa kuba mgongo, akakaa. Kisha akainuka, akakigeuza tena.